Cheo kazini, presha na umri

SWALI: Assalamu alaykum. Nasomesha skuli hapa Wete. Niliowatangulia kazini wameshapewa ukuu wa skuli, mimi bado. Siku hizi presha hunipanda, na wenzangu wananiambia wenye vyeo huishi zaidi. Ni kweli?
Mwalimu, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Ukweli upo, ila usiutafute kwenye cheo chenyewe. Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali. Matarishi na mabawabu walikufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya wakubwa wa juu, na wote wana ajira na matibabu ya bure. Sigara na presha hazikutosha kueleza pengo hilo. Utafiti wa pili, wa 1985, uliingiza na wanawake, ukaonyesha kuwa asiye na kauli juu ya kazi yake huugua moyo zaidi.

Sifa peke yake haina nguvu hiyo. Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa waigizaji walioshinda Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, huishi karibu miaka 4 zaidi. Hesabu ilikuwa na kasoro: aliyeshinda akiwa na miaka 60, miaka yote hiyo alihesabiwa mshindi, na aliyekufa mapema hakupata nafasi ya kushinda. Iliporekebishwa 2006, faida ilishuka hadi karibu mwaka 1, nao haukuthibitika.

Kwa hiyo usikae kungojea ukuu. Omba kwa maandishi jukumu moja, mfano ratiba au mitihani, na itajwe utakachoamua bila kuomba ruhusa. Ukipewa kazi bila uamuzi, umeongezewa mzigo tu, na mzigo wa namna hiyo ndio unaoumiza moyo.

Presha nayo ipime sawasawa. Ukitoka barazani kunywa kahawa, subiri nusu saa. Nenda haja ndogo, kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa kanzu. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wako, namba hupanda kwa uongo. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni kwa siku 7, uandike kwenye daftari, na ukitafuta wastani uache namba za siku ya kwanza. Wastani ukifika 135/85, nenda kituo cha afya na daftari lako, hata kama huumwi kichwa. Ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ganzi upande mmoja, nenda hospitali saa ile ile.