Ukiulizwa Unasoma Riwaya Gani, Usijibu Kama Mtahiniwa

Wengi wetu tulijifunzia darasani namna ya kuzungumzia riwaya, na lugha ile haijatutoka. Rafiki akituuliza kama riwaya tuliyoishika inafaa, tunamjibu kwamba ina dhamira nzito, wahusika wamechorwa vizuri na mwandishi ametumia tamathali za usemi kwa ustadi. Majibu hayo yangetupatia alama kidato cha nne, lakini hayamsaidii mtu anayetaka kuamua kama atoe fedha zake dukani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiazimana vitabu na ndugu na wafanyakazi wenzangu, na ninaloshauri ni kwamba maoni yatolewe mapema, wakati riwaya ungali unayo mkononi, na yaeleze hasa namna inavyosomeka.

Kwa sasa ninasoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Nimevuka nusu yake. Anayeniuliza leo ninamwambia kwamba mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake, naye mwenyewe hajui. Anadhani amefuatana na jamaa wa nyumbani, mpaka Khalil, kijana anayefanya naye kazi dukani, anapomweleza bila kumung'unya maneno kwamba mtu yule si ndugu yake hata kidogo. Ninaongeza kwamba hadithi haina haraka, kwamba anayetaka tukio katika kila ukurasa huenda akachoka kabla msafara wa biashara haujaondoka kwenda bara, na kwamba anayependa masimulizi ya barazani, ya safari na ya watu wanaotambiana, hatataka kuiweka chini. Nikingoja mpaka nimalize, sitaweza tena kusema hayo kwa uhakika, kwa sababu mwisho wa riwaya una tabia ya kufuta uchovu wa katikati. Mtu akishafika kilele husahau kwamba kuna sura alizozisoma huku akipiga miayo.

Sharti lake ni moja: sema umefika wapi. Maoni ya mtu aliye sura ya tatu yana thamani yake, mradi msikilizaji ajue kwamba ni ya sura ya tatu. Sharti hilo pia hukukinga usimwage siri. Binafsi ninajiruhusu kueleza yale tu yanayojitokeza mapema. Kuhusu Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, kwa mfano, ninaweza kumwambia mtu kwamba Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa Raza, mwanamume mtu mzima, na kwamba ndoa hiyo haimkai; yatakayomfika baada ya kukutana na Denge, katika Zanzibar ya harakati za kudai uhuru, nitamwachia ayakute mwenyewe. Aliyeitazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 asidhani amekwisha kuisoma.

Kabla ya kupendekeza, mtazame unayempendekezea. Mtu anayesema riwaya humletea usingizi simpi Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ijapokuwa ni kitabu chembamba, kwa kuwa wembamba wake hudanganya: hakina hadithi iliyonyooka, na msomaji hutembea na msimulizi katika mahali ambapo ndoto na falsafa hazitengani. Huyo ninampa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kiko mdomoni, anachunguza mauaji. Rosa Mistika, ya Kezilahabi huyohuyo, ninaipendekeza kwa tahadhari. Ilipotoka mwaka 1971 ilizua zogo kubwa hadi ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na hata leo ukali wa baba mle ndani na yale yanayomfuata bintiye si mambo ya kumpa mtu aliye na msiba au majonzi bila kumtahadharisha. Kumwambia kwamba kitabu ni kizito hakumharibii chochote.

Halafu kuna hofu ya kusema kwamba kitabu cha mwandishi mkubwa hakikukupendeza. Tunawaheshimu watangulizi wetu, na ni vizuri, lakini sifa zinazotolewa kwa heshima tu hatimaye haziaminiki. Mimi ninaona mahubiri katika baadhi ya riwaya za Shaaban Robert yanaielemea hadithi, na ninasema hivyo waziwazi, kisha ninasema pia kwamba kwa usafi wa lugha Kusadikika bado inanistaajabisha. Aliyesikia yote mawili ataamini zaidi nitakaposifu kitabu kingine.

Mambo mawili madogo husahaulika. Msomaji wa bara, awe wa Nakuru au wa Lubumbashi, aambiwe mapema kwamba riwaya za Unguja zina maneno ya huko, hivyo kamusi ikae karibu, hasa katika kurasa za mwanzo. Na kabla hujamsifia mtu kitabu, hakikisha kinapatikana, maana zipo riwaya nzuri za miaka ya 1970 ambazo ni nadra kuziona madukani. Ikiwa nakala iliyopo ni yako, sema kama utamwazima, na mpatane siku ya kuirudisha.