Maswali ya wasomaji: kazi ya nyumbani inayokubali kukatizwa

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: mwenye watoto wadogo atapataje kazi ya kufanyia nyumbani? Tumejibu tano.

SWALI: Ndugu wahariri, nina mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka mitatu. Kabla ya kujifungua nilikuwa karani wa hesabu. Nachapa haraka kwenye kompyuta na lugha mbili nazijua vizuri. Kila tangazo la kazi ya nyumbani linasema "panga saa zako mwenyewe", lakini nikikaa kuzipanga sizioni. Nianze na kazi gani? – Mama wa Wawili

JIBU: Dada, kabla ya kutafuta kazi zitafute hizo saa. Chukua daftari, na kwa siku saba andika kila mtoto amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi. Andika ilivyokuwa, si unavyotamani iwe. Wa miezi minane kwa kawaida hulala mara mbili au tatu mchana. Wa miaka mitatu hulala mara moja, au ameshaacha. Mmoja akilala huku mwenzake yuko macho anakuuliza maswali, hapo hujapata kitu. Unachosaka ni muda ambao usingizi wa wote wawili umekutana.

Tuseme mkubwa analala saa saba mchana hadi saa nane na nusu, na mdogo saa saba na nusu hadi saa tisa kasoro robo. Umepata saa moja tu, kuanzia saa saba na nusu. Toa dakika 15 za kuhakikisha mdogo amezama kweli, kwenda msalani na kufungua faili. Zimebaki 45. Kwa siku tano ni saa tatu na dakika 45. Ongeza usiku: wakilala saa mbili, unaweza kufanya kazi tangu saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu, lakini hesabu usiku nne kwa wiki, si saba, maana nawe ni mtu. Hizo ni saa nane. Jumla ni saa 11 na dakika 45. Sasa punguza robo kwa ajili ya homa, meno na siku ambazo hakuna anayelala. Unabaki na kama saa tisa kwa wiki. Hizo ndizo saa za kumuuzia mteja. Na hesabu hii ina umri wake: kati ya miezi 12 na 18 watoto wengi huhamia kwenye usingizi mmoja wa mchana, na hapo utalichukua tena daftari.

Ukiwa na saa zako mkononi, ipime kila kazi kwa swali moja: mtoto akilia sasa hivi, nini kinaharibika? Kupokea simu za wateja ni kazi ya nyumbani kwa jina tu. Zamu ina saa maalumu, ukimya unadaiwa, na ukiondoka dakika tatu kompyuta inaandika kwamba umeondoka. Kufundisha moja kwa moja kwa video ni vivyo hivyo, ila kama kuna mtu mwingine wa kukaa na watoto kwa muda huo. Kazi zako ni zile zinazodaiwa kwa siku, si kwa dakika: hesabu, tafsiri, unukuzi wa sauti, usahihishaji wa maandishi.

Kwako tungeanza na hesabu za wafanyabiashara wadogo. Unaijua kazi, mteja hurudi kila mwezi, na inakatika vipande vidogo: risiti 20 leo, 20 kesho. Ubaya wake ni kwamba mwisho wa mwezi kazi yote huja pamoja. Kwa hiyo mwombe kila mteja akutumie risiti kila wiki, na usichukue wateja wawili wanaofunga hesabu siku moja. Kosa la kawaida la anayefanya kazi hii huku akikatizwa ni kuingiza risiti moja mara mbili, kwa sababu aliinuka kabla hajaweka alama. Kila risiti ikiingia, iwekee alama palepale, kwenye karatasi au kwenye jina la faili. Ukiitwa, kabla hujainuka andika mambo mawili: risiti ya mwisho uliyoingiza na jumla iliyofikiwa. Ukirudi na jumla haifanani na uliyoandika, unajua pa kuanza kutafuta.

Tafsiri ni ya pili. Ukihesabu na kupitia upya, anayeifanya kwa makini hupata maneno kati ya 250 na 300 kwa saa. Hati ya maneno 1,000 ni kama saa nne, yaani karibu nusu ya wiki yako. Ina sifa moja nzuri kwa mzazi: aya ikiisha unaweza kuinuka bila hasara. Kupitia upya, hata hivyo, kusiwe usiku uleule uliotafsiri. Macho yaliyochoka husoma kilichokusudiwa, si kilichoandikwa.

Methali ya mshika mawili ilitungwa kabla ya kompyuta na watoto wawili. Ukiweza kupata jirani au ndugu mwenye watoto mkabadilishana zamu, yeye akae na wako kwa muda wa saa tatu Jumanne, wewe ukae na wake kwa muda wa saa tatu Alhamisi, utapata kipande kimoja kirefu kwa wiki. Hicho kitunzie kazi isiyokatika: kufunga hesabu, au kuzungumza na mteja. Usikimalizie kwenye barua pepe.

SWALI: Nafanya unukuzi wa rekodi za mahojiano. Mteja alinipa rekodi ya saa moja, nikaahidi siku mbili, nikamaliza siku ya tano. Mtoto wangu ana mwaka mmoja. Je, mimi ni mzito au mteja alinionea? – Masikio Yamechoka

JIBU: Si wewe wala mteja, ahadi ndiyo ilikuwa fupi. Mtu anayezungumza kwa kasi ya kawaida hutoa kama maneno 150 kwa dakika. Saa moja ni maneno 9,000. Ukichapa maneno 50 kwa dakika bila kusimama hata mara moja, hiyo ni saa tatu, na hujarudisha sauti nyuma, hujaweka alama ya nani anasema, hujasikiliza upya kuhakiki. Ndiyo maana mzoefu huhesabu kama saa nne kwa saa moja ya sauti safi ya watu wawili, na anayeanza saa sita hadi nane. Wazungumzaji wakiwa wanne wanaokatana kauli, au feni ikivuma jirani na maikrofoni, inaweza kufika kumi.

Kabla ya kukubali rekodi, sikiliza dakika mbili mwanzoni, mbili katikati, mbili mwishoni. Mwanzo hudanganya, kwa sababu watu huanza kwa adabu. Kisha nukuu dakika tano ukijipima kwa saa. Zikikuchukua dakika 30, saa nzima itakuchukua saa sita. Ukiwa na dakika 90 za kazi kwa siku, hizo ni siku nne. Ongeza moja ya dharura, ahidi siku tano. Malipo yahesabiwe kwa dakika ya sauti, na sauti mbovu iwe na bei ya juu zaidi, iliyotajwa kabla.

Siku hizi wateja wengi huleta rasimu iliyokwisha kuandikwa na programu na kukuomba usahihishe tu, kwa malipo madogo. Usikubali neno "tu". Programu huandika sentensi laini hata pale sauti ilipokuwa haieleweki, na mara nyingine huweka maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Jicho hupita juu yake bila kushtuka. Sikiliza rekodi yote, na ukaze sikio kwenye majina, tarakimu na vikanushi: kati ya "nilisaini" na "sikusaini" kuna kesi mahakamani. Na rekodi za watu ni siri. Faili isikae kwenye simu ambayo mtoto anachezea.

SWALI: Nimepata tangazo la kazi: kubonyeza alama ya kupenda kwenye video, malipo kila siku. Siku ya kwanza walinilipa kweli, kiasi kidogo. Sasa wanasema niweke fedha zangu ili nifungue "kundi la kazi za juu". Wenzangu kwenye kundi la ujumbe wanasema wamelipwa vizuri. Niweke? – Mwenye Shaka

JIBU: Usiweke. Malipo ya siku ya kwanza ni chambo. Ukiweka, salio litaonekana likipanda kwenye ukurasa wao, na ukitaka kutoa utaambiwa kwanza ulipe "kodi" au "ada ya kufungua akaunti". Hao wenzako wanaoshangilia kwenye kundi mara nyingi ndio matapeli wenyewe kwa majina tofauti.

Kazi halali humlipa mfanyakazi. Ukiombwa ada ya usajili, ya mafunzo ya lazima au ya vifaa "tutakavyokurudishia", ondoka. Ondoka pia ukiombwa kupokea fedha za watu usiowajua kwenye akaunti yako na kuzipeleka kwingine huku ukibakiwa na asilimia fulani: huko unasafirisha fedha za wizi, na jina litakalopatikana polisi wakija ni lako. Namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako haipewi mtu yeyote, hata akijiita ofisa wa ajira.

Ikiwa umeshaweka kitu, usiongeze ili kukomboa cha kwanza. Piga picha za skrini za mazungumzo na miamala kabla hawajazifuta, piga simu benki au kampuni ya fedha ya simu mara moja, kisha badilisha manenosiri. Wiki chache baadaye anaweza kujitokeza mtu wa kukusaidia "kurudisha fedha zako" kwa ada ndogo. Huyo ni wa kundi lilelile, au amenunua namba yako kwao.

SWALI: Mimi ni baba. Mke wangu anarudi kazini, na bosi wangu yuko tayari kunisikiliza nikiomba kufanya kazi nyumbani kwa saa chache zaidi. Niandike nini? – Zamu Yangu

JIBU: Ndugu, andika ukurasa mmoja, na ndani yake weka tarakimu. Ukitoka saa 40 kwa wiki kwenda 24, umebaki na asilimia 60 ya muda, na mshahara utashuka hivyohivyo. Basi na kazi ipungue kwa asilimia 40. Hapa ndipo wengi huumia: saa zinapungua kwenye karatasi, majukumu yanabaki yote, na unayamalizia usiku bila malipo. Orodhesha majukumu yako yote, kila moja na saa zake, kisha onyesha yapi yanabaki na yapi yanakwenda kwa nani.

Taja pia saa ambazo utapatikana bila kukosa, mathalani saa tatu hadi saa tano asubuhi, na sema wazi kwamba nje ya hapo utajibu ndani ya siku moja ya kazi. Ahidi kitu kinachopimika: ripoti kila Alhamisi, maombi yote yajibiwe ndani ya saa 24. Omba majaribio ya miezi mitatu yenye tarehe ya kukaa na kutathmini. Bosi huona wepesi kukubali kitu chenye mwisho. Sababu za kifamilia ziwe sentensi moja. Na kabla hujasaini, uliza likizo, bima na mafao vitahesabiwaje kwa saa mpya, upewe jibu kwa maandishi.

SWALI: Mikutano ya video inanishinda kwa kelele za mtoto, na intaneti yangu inakwisha haraka. Pia meza yangu iko sebuleni, anafika kila mahali. – Mama Sebuleni

JIBU: Tumia hedifoni ya waya yenye maikrofoni karibu na mdomo, inachukua sauti yako kuliko ya chumba. Maikrofoni ikae imezimwa, uiwashe unapozungumza tu. Zima kamera ukiruhusiwa: mkutano wa video unaweza kula gigabaiti moja au zaidi kwa saa, wa sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hiyo. Mwanzoni sema kwamba mtoto yuko nyumbani na huenda ukainuka, kisha endelea. Kuomba radhi kila dakika kumi kunawachosha watu kuliko kelele zenyewe.

Kuhusu meza, waya wa chaja upite nyuma na ufungwe kwenye mguu wa meza, kwa sababu mtoto akiuvuta kompyuta huja nayo. Kinywaji cha moto kisikae hapo kabisa. Kisha kagua vifaa vyako vidogo, rimoti, taa, saa ya mezani, uone kama vina betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Kifaa ambacho kifuniko chake hakina skrubu kiweke juu, mbali na mkono wake. Ukishuku amemeza, nenda hospitali papo hapo bila kumtapisha, hata kama anacheza kama kawaida.