Tachi ya laptopu inajibofya, mara inakufa: pima hivi kabla ya kununua kioo

Mkuu, umesema tachi ya laptopu yako, yaani kioo cha kugusa kwa kidole, mara inajibofya yenyewe na kufungua mafaili, mara inakufa kabisa, na fundi ameshakwambia ununue kioo kipya. Subiri kwanza. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo nikafomati Windows mara mbili bure, kwa sababu sikujua kama naumwa na kifaa au na draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa.

Anza kwa kuituliza mashine. Chomeka mausi, ingia Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, fungua kundi la Human Interface Devices, utaona kitu kinaitwa HID-compliant touch screen. Kibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Disable. Vurugu zikikoma hapo hapo, mkosaji ni tachi, na angalau unaweza kuendelea na kazi zako. Zisipokoma, geukia tachipadi. Nimeshaona kioo kinasingiziwa kumbe aliyekuwa anabofya ni tachipadi iliyolowa.

Halafu iwashe tena tachi, fungua Paint, uchore kwa kidole mistari ya kulala kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ukishuka kidogo kidogo mpaka chini. Nilifanya hivi kwenye laptopu ya mwenzangu iliyowahi kudondoka. Kila mstari ulikatika sehemu ile ile, upana kama wa kidole, hadi mikato ikajipanga wima kama njia katikati ya shamba. Draiva haina ubaguzi wa namna hiyo. Ikigoma, kwa kawaida inagoma kioo kizima. Ukiona njia kama ile, fundi wako yuko sahihi, nenda kanunue.

Kama huioni, tengeneza flashi ya Linux, mfumo mwingine unaowasha kompyuta badala ya Windows, toleo la Ubuntu linatosha, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Pale Windows na draiva zake hazimo kabisa. Tachi ikifanya kazi vizuri kwa muda ambao kwenye Windows ingeshaharibika, kifaa ni kizima, shida iko kwenye programu. Ikijibofya na huko pia, acha kufomati. Ila tahadhari: ikiwa haifanyi kazi kabisa kwenye Linux, usihukumu, maana zipo tachi ambazo Linux haizitambui.

Ukiwa kwenye kipimo hicho, chomoa chaja. Kioo cha tachi kinapima mabadiliko madogo mno ya umeme yanayoletwa na kidole, kwa hiyo chaja inayotoa umeme mchafu inaweza kukidanganya kwamba kuna mtu anagusa. Vidole hewa vikitoweka ukiwa kwenye betri na kurudi ukichomeka, jaribu chaja nyingine iliyo sahihi kwa mashine hiyo. Na kama ni ile aina ambayo kioo kinachomoka kikawa tableti, itazame ubavuni: kioo kikiwa kimeinuka, huenda betri imevimba nyuma yake. Hapo izime, usiichaji wala kuibonyeza irudi, ipeleke kwa anayejua.

Sasa yangu. Kwenye Linux nako ilikuwa inakufa, nikajua sio draiva, lakini Paint haikuonyesha mkato wowote. Kilichoniumbua ni sauti. Siku moja nasogeza kioo nyuma kidogo kukwepa mwanga, Windows ikatoa ule mlio wa kitu kuchomolewa. Nikakirudisha, ukalia mlio wa kitu kuchomekwa. Nikafungua Device Manager, nikawa nachezesha kioo polepole huku naangalia: jina la tachi linapotea, linarudi, linapotea. Ilikuwa waya unaopita kwenye bawaba, umechubuka kwa kukunjwa kila siku. Kioo hakikuwa na kosa lolote.

Upande wa draiva dalili ni nyingine. Mdogo wangu aliweka Windows mpya, tachi ikatoweka hata jina halipo, akaanza kuulizia kioo. Baadhi ya tachi za laptopu hazipiti USB, zinapita njia inayoitwa I2C, na njia hiyo nayo ina draiva yake. Kwenye mashine za Intel inaitwa Serial IO. Yeye alikuwa anahangaika na draiva ya tachi wakati barabara yenyewe haijafunguliwa. Tulipakua draiva ya I2C kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu, kwa modeli ile ile, tukawasha upya, ikarudi. Zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa pamoja, mimi sizigusi.

Ikiwa inakufa baada ya kompyuta kulala tu, bofya jina la tachi mara mbili kwenye Device Manager, tafuta sehemu ya Power Management, uondoe tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kubana umeme. Kama sehemu hiyo haipo, iangalie kwenye kifaa cha I2C au USB kinachoibeba. Pia tangu Windows 8, kwa kawaida ukibonyeza Shut down mfumo hauanzi upya kikamilifu unapowasha, sehemu yake inahifadhiwa na kurudishwa. Ndiyo maana kuzima na kuwasha mara tano hakusaidii kitu. Tumia Restart.

Yako kujibofya na kufa kwa pamoja kunanifanya nishuku waya kuliko kioo. Chezesha kioo leo huku umefungua Device Manager, ulete majibu. Ukiona jina linapotea na kurudi, mwambie fundi afungue, ahakikishe anachomoa betri kwanza, na kwenye soketi ya utepe, yaani ule waya bapa, ainue kile kijifuniko chembamba kabla ya kuvuta. Wa kwangu alivuta tu, soketi ikang'oka, tukanunua na bodi ndogo ya tachi juu ya waya.