Matairi mapya mawili yafungwe mbele au nyuma?

Ndugu yangu wa Uyole, umeuliza kama matairi mawili mapya uyafunge mbele, kwa kuwa gari lako la mtumba, linalovutwa na magurudumu ya mbele, limeyamaliza ya huko hadi kuwa vipara. Yafunge nyuma, na yale ya nyuma yaliyo mazima uyahamishie mbele, kwa sababu ukishuka mlima Kitonga mvua ikinyesha, tairi la nyuma lililolika huteleza na gari likageuka kabla hujaliwahi kwa usukani. Kabla ya kulipa, soma tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyotumika, hata yakimeremeta, mimi singeyanunua. Wakati wa kufunga, nati za magurudumu zilegezwe kabla ya kupiga jeki.