Jina la Mke Liandikwe Kwenye Hatimiliki Wakati wa Amani

Katika miaka niliyokuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji hapa Tanzania, mashauri mengi ya wanawake yaliyotufikia yalifanana kwa jambo moja: mwanamke amelima shamba tangu aolewe, majirani wote wanamjua, lakini hakuna karatasi hata moja inayotaja jina lake. Mume akiwa hai na nyumba ikiwa na amani, jambo hilo halimsumbui mtu. Shida huanza mume akifariki, au shemeji akileta mnunuzi. Ndiyo maana nawashauri wanawake walizungumze suala la jina mapema, kabla hapajawa na ugomvi wala msiba.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na inabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Mahakama Kuu katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Shauri hili nilikuwa nalitaja vikaoni kila nilipopata nafasi, kwa sababu wapo wazee wanaoamini kwamba haki hizi zimeletwa juzi na mashirika.

Tunakopotea ni kwenye uandikishaji. Wapimaji wanapofika kijijini kwa ajili ya hatimiliki za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, huzunguka pembe za shamba pamoja na mwenye shamba, majirani wa kila upande wakishuhudia mpaka, kisha hujaza fomu palepale shambani. Anayesimama mbele yao na kujibu maswali ndiye anayeandikwa. Mara nyingi aliyesimama hapo ni mume, na mke yuko nyumbani akiwapikia wageni, au ameitwa dakika ya mwisho akaweka dole gumba kwenye nafasi ya shahidi badala ya nafasi ya mmiliki. Siku hiyo, dada yangu, chakula kipikwe na mtu mwingine. Fika shambani na kitambulisho chako, hakikisha jina linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, omba usomewe fomu yote, na upigwe picha ya hati pamoja na mwenzako. Hati ikishatoka, nenda masjala ya ardhi ya kijiji umwombe mtendaji akuonyeshe ulivyoandikwa kwenye daftari.

Wapo watakaosema kwamba kumwomba mume hati ya pamoja ni kumtabiria kifo. Nimeona mazungumzo hayo yakienda vizuri zaidi yanapoanzia kwa watoto: kwamba majina mawili yakiwapo, hakuna ndugu atakayeuza shamba mzazi mmoja akiondoka. Wanaume wengi waungwana huelewa hoja hiyo upesi. Kama mume ana wake zaidi ya mmoja, kila mke ajitahidi kuandikwa kwenye shamba analolilima yeye. Na asiye na cheti cha ndoa asijione hana pa kuanzia, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawachukulia watu walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Jina hili lina fedha ndani yake. Mwanamke anayelima shamba la kuazimwa huruhusiwa kupanda maharage na karanga, lakini akitaka kupanda mikorosho au miti ya mbao huambiwa asubiri, kwa sababu mti wa kudumu ni alama ya umiliki. Hivyo hubaki na mazao ya msimu mmoja, huku malipo ya mazao makubwa yakipitia chama cha ushirika kwenda kwenye akaunti ya mwanachama, ambaye ni mume. Mwenye hati anaweza kujisajili kama mkulima kwa jina lake na kupanga kilimo cha miaka mingi. Anaweza pia kuiweka dhamana, ingawa hapo naomba tahadhari kubwa: kwa mkopo mdogo wa mbegu na mbolea, kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kinatosha, na shamba lisiwekwe rehani kwa deni ambalo mvua ikikosekana halitalipika.

Kwa mjane, karatasi ya kuogopa ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Huandikwa siku chache baada ya mazishi, wakati macho bado yana machozi, na ndiyo inayopelekwa Mahakama ya Mwanzo kumwombea mtu usimamizi wa mirathi. Usiuwekee saini kabla ya kusomewa kila mstari, na uangalie kama wewe na watoto wote mmetajwa. Mahakama hutoa tangazo kabla ya kumthibitisha msimamizi. Kama hukubaliani naye, peleka pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa kwenye tangazo hilo, ukisaidiwa na msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.