Maswali ya wasomaji: TP niliituma, mbona jukwaa linasema sikutuma?

Yaya, jambo sana. Miye niko mwaka wa pili, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Siku hizi TP zetu, zile kazi za vitendo za masomo, tunazitumaka kwenye jukwaa la intaneti, karatasi asista, msaidizi wa mwalimu, hapokei tena. Ijumaa usiku nilingoja rezo (mtandao) itulie, nikapanda kwenye ukuta wa jirani na telefone juu, faili ikapanda, nikafinya Enregistrer (hifadhi), jina la faili nikaliona kwa macho yangu, nikaenda kulala. Jumatatu alama zinatoka, miye niko na zero. Asista anasema sikurudisha kitu. Rafiki zangu wawili walikuwepo wakaona. Nilikosea wapi, na sasa nifanye nini?

Mdogo wangu, pole sana, na ninakuamini. Barua yako nimeisoma mara mbili na neno moja ndilo limenishika, pale unasema jina la faili uliliona. Faili kuonekana kwenye ukurasa na kazi kurudishwa ni mambo mawili, na siku ya kwanza ya masomo hakuna mtu anayewaelezaka hivyo. Vyuo vingi vinatumia Moodle, programu ya bure iliyoanzishwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2002, na ndani yake mwalimu anaweza kuweka sharti kwamba ukishahifadhi faili ufinye tena kitufe kingine cha kurudisha kazi, na mara nyingi hicho kiko chini kabisa, kwenye telefone ndogo hukioni mpaka uteremshe ukurasa. Usipokifinya, kazi inabaki imeandikwa "Brouillon (non remis)", yaani rasimu, haijarudishwa. Iko kwenye seva ya chuo, lakini kwa mashini hujarudisha.

Sasa sikia vizuri, maana hapa ndipo penye matumaini: faili yako haikupotea. Kama jukwaa lenu ni hilo, kwenye jedwali la asista jina lako lipo, pembeni imeandikwa brouillon, faili inafunguka, na kuna tarehe na saa uliyoigusa mara ya mwisho. Ikiwa ni ile Ijumaa kabla ya muda kuisha, huo ushahidi una nguvu kuliko rafiki zako wawili, hata kama wanasema kweli. Asista anaweza kuisoma na kuipa alama hapo hapo, au akuongezee muda wewe peke yako bila kuifungulia promosio yote, yaani darasa zima. Nenda kwa asista pamoja na CP wenu, kiongozi wa promosio, asubuhi, telefone iko na chaji, umwombe kwa heshima afungue hilo jedwali mbele yenu. Usianze na kusema jukwaa lao ni bovu. Anza na tarehe.

Na siku nyingine usifunge ukurasa kabla hujaona "Remis pour évaluation", yaani imerudishwa ili ipewe alama. Ukiona, piga kapture palepale, saa ya juu ya ekrani ionekane.

Ninyi ba-asista mnaotusoma, nawaomba kabisa, kama hamna sababu ya kile kitufe cha pili, kiondoeni, mnapotengeneza kazi ni sehemu moja tu ya kubadilisha. Na kama mnakitaka, basi kabla ya kuweka zero angalieni brouillon. Kuna watoto wanaonunua mega kwa pesa ya chakula, halafu zero inawakuta wakiwa wamefanya kazi yote.

Mwandishi, miye ni mama, naandika kwa ajili ya binti yangu. Kila akituma TP inafika karibu mwisho inakatika, anaanza upya, mega zinaisha. Ameandika kwa mkono kurasa 14, akapiga picha, akaunganisha, faili ni mega 46. Nimnunulie telefone nyingine?

Mama, usinunue telefone, pesa iweke. Shida ni uzito. Tufanye hesabu pamoja: mega moja ya faili ni megabiti 8, kwa hiyo mega 46 ni megabiti 368. Rezo ikipandisha nusu megabiti kwa sekunde, na usiku mwingi mtaani hata hiyo haifiki, ni sekunde 736, yaani dakika 12 na zaidi bila kukatika hata mara moja. Na ikikatika, mara nyingi inaanza tena kutoka sifuri, na zile mega zilizokwisha kupita hazirudi.

Binti asipige picha za kawaida, atumie programu ya kuskani kwenye telefone hiyo hiyo, achague nyeusi na nyeupe, PDF, ubora wa kati. Kurasa 14 zinaweza kushuka mpaka mega 3 hivi na maandishi yanasomeka bado. Kwa rezo ile ile ni sekunde 48. Kwanza asome kikomo kilichoandikwa pale pa kuweka faili, maana seva nyingi za hivi zinatumia PHP, lugha ya programu inayoendesha jukwaa, na PHP isipoguswa na fundi inapokea faili isiyozidi mega 2. Na jina la faili liwe fupi, bila apostrofi wala aksan, TP2.pdf inatosha na jina lake.

Nilirudi kutoka Kinshasa siku mbili kabla. Telefone yangu ilionyesha 23:20, mwisho wa kutuma TP ulikuwa 23:59, nakuta kumefungwa! Walinifungia mapema?

Hapana ndugu yangu, hawakukufungia mapema. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, sawa na Goma na Bukavu. Telefone yako ilibaki na saa ya Kinshasa, hapa kwetu ilikuwa tayari 00:20, saa sita na dakika 20 za usiku. Seva inafuata saa yake, ya telefone haiiangalii. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe uchague Lubumbashi kwa mkono, halafu ingia kwenye profili yako ya jukwaa, palipoandikwa Africa/Kinshasa weka Africa/Lubumbashi. Mwandikie mwalimu leo, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza, na faili uiambatanishe.