Mchanga huwaka au hung'aa?

SWALI: Huwa naongoza wageni Isimila, eneo la Zama za Mawe mkoani Iringa. Mmoja aliniuliza maabara hujuaje umri wa tabaka la mchanga kwa kutumia mwanga. Nikamjibu, "Wanasoma tarehe ya mchanga unapowaka." Mwenzangu akasema si kuwaka, ni kung'aa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ndugu yangu. Kinachowaka ni moto, au taa iliyowashwa. Chembe ya kwatzi, madini yaliyomo mchangani, haiwashwi, humulikwa. Maabara huimulika kwa mwanga wa buluu, nayo hung'aa kidogo mno kwa miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Mwanga unaotoka si ule ulioingia, kwa hiyo hata "kumeta" hakufai. Hilo tuliachie bati jipya juani.

Mng'ao huo ni akiba. Urani, thori na potasi zilizomo ardhini hutoa mnururisho, yaani mionzi, elektroni zikasukumwa na kunaswa ndani ya fuwele ya chembe. Zikimulikwa, huachiwa. Mnururisho uliokusanywa, unaopimwa kwa mng'ao huo, hugawanywa kwa ule unaopokelewa kila mwaka, ikapatikana miaka.

Linalonisumbua zaidi ni hilo neno "tarehe". Tarehe ni siku ya kalenda, na maabara haitoi siku. Hata "umri wa mchanga" hupotosha, kwani chembe yenyewe yaweza kuwa na mamilioni ya miaka. Jua huifuta akiba yote. Hesabu huanza upya chembe inapofukiwa. Ndiyo maana wachimbaji hupigilia bomba la chuma kwenye ukuta wa shimo, wakaliziba, na kulifungua katika chumba chenye taa nyekundu hafifu. Kwa vyombo vya udongo, kinachofuta ni moto: chungu cha Wakisi kutoka Matema huanza kuhesabu siku kilipochomwa. Basi tuseme "muda tangu kufukiwa" na "muda tangu kuchomwa".

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyounganishwa na binadamu kwenye Maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, yana angalau miaka 476,000. Ukisema magogo yalimulikwa, umekosea. Uliomulikwa ni mchanga ulioyafunika.

Mgeni mwingine akiuliza, mwambie: "Maabara humulika mchanga, na mng'ao wake huonyesha umekaa gizani miaka mingapi."